Fomu ya Kutodaiwa

Ina mistari saba. Yote itiwe sahihi
kabla ya kengele ya saa tisa, alisema Mkuu,
la sivyo cheti utakifuata mpaka uote mvi.
Basi tunakimbia, kidato cha nne chote,
mlango hadi mlango,
vumbi la kiwanda cha saruji likitupaka nyusi
tukazeeka kabla ya matokeo.

Stoo. Bwana Singano analigeuza jembe langu
kama posa ya mshenga asiyemwamini.
"Mpini huu si wetu."
Kweli. Ule wenu ulivunjika kidato cha pili,
tulipopigania kivuli kuliko magugu.
Huu ni mwarobaini wa kwetu Makorora.
Anaupima kwa kiganja. Anacheka. Anasaini.
Sidaiwi.

Maktaba. Atlasi imerudi, ukurasa wa thelathini na moja haupo.
Naujua ulikokwenda: nilifungia bajia za Jumamosi,
mafuta yakafurika kutoka Ziwa Viktoria hadi Bukoba mjini.
Natoa elfu mbili. Mwalimu Zuhura anazikunja,
anasaini bila kuinua macho.
Sidaiwi.

Maabara.
Hapa miguu inakuwa mizito.
Bwana Mntangi anafungua daftari la vilivyovunjika,
kidole chake kinashuka: Shekue, bika moja.
Zaina, testi tyubu mbili.
Kinashuka mpaka chini, kinapanda tena.
"Wewe huna kitu humu."

Bureti ilinitoka mimi.
Jumanne, mwezi wa sita, mikono ina jasho,
ikagonga sakafu kwa sauti ndogo, ya aibu,
na darasa zima likageuka.
Nyange akanyanyua mkono. Wa kwake, si wangu.
Alijua baba yangu amelazwa Bombo.
Mimi sikujua kwamba kwao nako
chungu kilikuwa kimefunikwa kifudifudi.
Wakamtuma nyumbani alete mzazi na elfu arobaini.
Akaondoka na begi moja, akanipungia:
"Daftari langu la hesabu, ukimaliza kunakili, nirudishie."
Tanga husema waja leo, waondoka leo.
Yeye aliondoka leo ileile.

"Mbona umesimama?" anauliza Bwana Mntangi.
Neno lilifika kwenye meno
likakuta kalamu imeshapita.
Sidaiwi.

Jiko, bweni, michezo, hata Mkuu mwenyewe: sikumbuki.
Kengele ikalia, tukageukiana na kalamu za wino mzito,
kila shati jeupe likawa ubao wa mwenzake.
Zaina akaniandikia begani: Usisahau ukoko wa makande.
Shekue, kifuani: Tukutane kidato cha tano,
tukikosana huko, tukutane sokoni.
Na Hozza, aliyetutania miaka minne bila kupumzika,
akakumbatia nguzo ya goli akalia kwa kwikwi,
nasi hatukujua tumcheke au tumshike.
Mgongo wangu niliwazuia.
"Hapo pana mwenyewe."

Kange, nje ya stendi, nilimkuta
akimenya chungwa la Muheza,
ganda likishuka zima, refu, bila kukatika.
Nikampa daftari. Akalifungua katikati,
akasoma jawabu nililoongeza kwa mwandiko wangu.
"Hapa umesahau alama ya kutoa."
Nikampa noti. Akairudisha, na chungwa juu yake.
Nikampa kalamu, nikamgeuzia mgongo.

Aliandika taratibu, vidole vikinata,
muda mrefu kuliko jina lake linavyohitaji.
"Umeandika nini?"
"Panda baiskeli yako. Unanizibia wateja."

Sasa napiga pedali kuelekea Makorora,
fomu mfukoni, sahihi saba,
upepo unalivuta shati, unalipigapiga, unalisoma,
na mimi
bado sijathubutu kusimama nikalivua.